Kocha Aliyesema "Nakuja"

Du! Kimya. Du! Kimya.

Kinyozi aliujua mlio huo. Ulikuwa mpira ukigonga ukuta wa nyuma wa kibanda chake. Kila alasiri binti wa jirani yake, mama fundi cherehani, aliurusha na kuudaka peke yake. Binti huyo alikuwa na miaka ishirini na minne. Alizaliwa na ulemavu wa akili. Watoto wa mtaa walimwita Ukuta, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kucheza naye.

Kinyozi naye alikuwa mpweke. Wateja waliongea na kioo, si naye. Jioni alifagia nywele za watu, akala, akalala.

Siku moja mwalimu wa michezo alikuja kunyolewa ndevu. Akausikia mlio.

"Nani huyo?"

"Binti wa fundi. Anadaka kuliko mimi nilipokuwa kipa."

"Kumbe ulikuwa kipa! Jumamosi tuna mazoezi ya timu ya watu wenye ulemavu wa akili. Tunatafuta kocha wa kujitolea. Njoo naye."

"Mimi? Sijasomea hayo."

"Utafundishwa. Lakini angalia wembe, bwana, hiyo ni shingo yangu!"

Jumamosi mama fundi alimkabidhi Kinyozi binti yake. "Jirani, utamrudisha mwenyewe."

"Bila shaka, mama."

Uwanjani Kinyozi alipiga kelele: "Kaa golini, dada! Panua mikono! Usitoke! Angalia mpira! Waite mabeki!"

Binti akakaa. Chini, kitako. Mpira ukapita juu ya kichwa chake. Watazamaji wakaangua kicheko.

Kinyozi aliona aibu. "Nakuja," alimwambia binti, kama watu wasemavyo wanapoondoka. Akaenda zake.

Saa kumi na mbili jioni mlango wake uligongwa. Mama fundi alisimama pale, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni.

"Jirani, mwanangu yuko wapi?"

Kinyozi alichomoka nje. Walikwenda mbio uwanjani. Wachezaji walikuwa wameondoka. Binti alikuwa amekaa palepale, katikati ya goli. Mwalimu alikuwa kando yake.

"Nimembembeleza tuondoke," mwalimu alisema. "Anasema, 'Kocha anakuja.'"

"Nilidhani haelewi," Kinyozi alinong'ona.

"Haelewi? Ulisema kaa, akakaa. Ulisema nakuja, amekungoja. Nani hakueleweka?"

Kinyozi aliinamisha kichwa. Alijua kumngoja mtu asiyekuja kunavyouma.

"Basi nifanyeje?"

"Ulimpa maagizo matano kwa pumzi moja. Mpe moja. Mwonyeshe kwa mwili wako. Kisha nyamaza, umpe muda. Akifaulu, mwambie alichofanya vizuri. Kila mchezaji ana njia yake, kwa hiyo muulize yeye, muulize na mama yake. Na usimfanye mtoto. Huyu ni mtu mzima."

Kinyozi alichuchumaa mbele ya binti. "Nisamehe, dada. Nilikuacha."

"Umechelewa," binti alisema.

"Nimechelewa."

Akasimama kati ya miti ya goli, akafungua mikono. "Simama hivi." Akanyamaza. Alihesabu moyoni hadi nane. Binti akainuka. Akafungua mikono. Kinyozi akarusha mpira.

Pa!

"Umedaka kwa mikono miwili. Vizuri sana!"

Mama fundi aligeuka, akajifuta macho kwa ncha ya utepe.

Kinyozi alihudhuria mafunzo ya makocha. Miezi miwili baadaye timu ilicheza mechi. Binti alidaka mipira sita. Nyuma ya goli watoto wa mtaa walipaza sauti, "Ukuta! Ukuta!" Safari hii ilikuwa sifa.

Jioni Kinyozi alimrudisha kwa mama yake. Kibanda chake kilikuwa kimya, nywele zikimngoja sakafuni. Akageuka kwenda.

"Kocha," binti aliita. "Unakuja?"

Zamani angesema nakuja.

"Hapana, dada. Sasa naondoka. Jumamosi, saa kumi, utanikuta golini."