Saa Iliyokataa Vidole vya Veridiana

Jumamosi ile soko la Mkuti, mjini Masasi, lilifurika watu hadi barabarani. Veridiana alipita katikati yao akinukia marashi, gauni lake la kitenge cha njano limemkaa sawasawa, vidole vyote kumi vimekolea piko. Alikuwa ametoka Newala asubuhi kutafuta fundi wa simu yake ndogo ya vitufe. Fundi alimpata. Jina lake Dastani, mrefu, mcheshi, shati limenyooshwa, na macho yake yalimwangalia mteja kabla ya kuiangalia simu.

"Dada, kitufe cha tano kimekufa kabisa. Unampigia nani huyo mwenye tano nyingi?"

"Shangazi. Wewe tengeneza simu, tano zangu niachie."

"Haya, yaishe! Na huko Newala unafanya kazi gani?"

Hapo ndipo Veridiana alipoharibu. Kijana alikuwa nadhifu mno, akaona haya. "Karani," akajibu. "Kiwanda cha korosho."

Karani wapi! Veridiana alikuwa mbanguaji. Kutwa alipasua korosho kwa mikono, na mafuta makali ya maganda yalikuwa yamembabua ncha za vidole mpaka zikawa ngumu na nyeusi. Piko ilikuwa ya kufichia.

Miezi mitatu wakapendana, simu kila jioni, mara wakutane Masasi, mara Newala. Siku yake ya kuzaliwa, Dastani akamvisha saa ya kisasa, kioo kinang'aa, na laini ya simu ya Veridiana akaihamishia humo yeye mwenyewe.

"Nikipiga, mpenzi, gusa kijani tu. Utanisikia hapo hapo mkononi."

Jumatatu saa ikaita kiwandani. Veridiana akagusa kijani. Wapi! Akasugua, akakandamiza kwa dole gumba. Kioo hakikuitambua ngozi ile kabisa. Akajaribu kwa pua. Pua ikagusa nyekundu, simu ikakatika. Kwa siku nne mfululizo maskini huyu akamkatia mpenzi wake simu kwa pua.

Ijumaa akaazima simu ya Pili, mbanguaji mwenzake.

"Dasta, saa inasumbua."

"Saa niliijaribu mwenyewe, nzima. Kama umepata mwingine, niambie."

"Mwingine nani, jamani?"

"Basi kwa nini unanikatia? Kesho nakuja ofisini kwenu, uniambie usoni."

Veridiana alilia. Akisema ukweli, Dastani atajua alidanganywa tangu siku ya kwanza. Akinyamaza, atampoteza vilevile.

Kesho yake asubuhi akamsikia getini. "Namtafuta karani, Veridiana."

"Karani wa jina hilo hatuna," mlinzi akasema.

"Jifiche nyuma ya magunia," Pili akanong'ona.

Veridiana akataka kujificha, kweli akataka. Lakini alimpenda mno yule mtu. Akasimama mbele ya Dastani aliyekuwa ameshaingia, aproni ina madoa, mikono myeusi.

"Nipo hapa, Dasta. Mimi si karani. Nabangua. Kioo chako hakivijui vidole hivi, tazama." Akakigusa mbele yake, mara tatu. Hakuna kitu.

"Sasa hizo simu ulikuwa unakata kwa nini?"

"Sikukata. Nilikuwa najaribu kupokea kwa pua."

Dastani akamkodolea macho. Halafu akacheka mpaka akakaa chini juu ya gunia, machozi yanamtoka. "Siku nne sili, silali, kumbe ni pua!" Akaishika ile mikono miwili, akazibusu ncha za vidole moja moja mbele ya watu wote. "Ulinificha hivi, mama? Hivi ndivyo vya kunificha?"

Akamvua saa, akachezea mipangilio yake kidogo, akamvisha tena. "Hiki kitufe cha pembeni ukikibonyeza, unapokea. Chenyewe hakichagui ngozi." Akatoka mpaka getini, akapiga.

Saa ikaita. Veridiana akabonyeza, na sauti ya Dastani ikajaa kiwanda kizima.

"Veridiana, mpenzi wangu, nataka kuleta posa kwa mjomba wako. Unasemaje?"

Wabanguaji wote wakaacha kazi, wakamgeukia. Veridiana akaisogeza saa mdomoni.

"Lete. Na kwenu usiwaambie karani. Waambie unaoa mbanguaji wa korosho."