Kadi Zilizongoja Bibi Amalize Kitabu

Bibi Thuần alikuwa mpika mikate wa mji wa Ninh Giang. Mikate yake ilikuwa myeusi, ya mchele wa kunata, na ndani yake mlikuwa na choroko na nazi. Aliifunga kwa majani makavu ya mgomba, akaipika kwa mvuke, akaipeleka sokoni. Asubuhi mikono yake ilipokuwa ikifunga mikate, mdomo wake ulikuwa ukisema Kiingereza.

"Meza, kiti, dirisha, mlango," alisema, kwa Kiingereza, macho yakiwa ukutani.

Ukuta wa jikoni ulijaa karatasi za maneno. Aliyajua yote, lakini kwa mpangilio wake tu. Ukimuuliza neno la katikati, ilimbidi aanzie mezani, apite kitini, afungue dirisha na mlango, ndipo alifikie.

Miaka ile kila mtu alikuwa akikimbilia Kiingereza. Jioni ukumbi wa kata ulijaa vijana, na kati yao alikaa bibi mmoja mwenye mvi, kitabu mapajani. Walimtania.

"Bibi, unakwenda kuuza mikate Amerika?"

"Nakwenda kuwaambia huko kwamba ninyi ni wavivu," alijibu.

Kitabu chake kilikuwa cha sarufi. Kilikuwa na sentensi zenye mapengo, na chini ya kila pengo majibu manne. Mwanafunzi alitia duara kwenye jibu moja, kisha akafungua kurasa za mwisho kutazama kama amepata. Bibi Thuần alipata karibu yote. Kwani angekosaje? Kila alipofika mwisho wa kitabu aligundua amesahau mwanzo, basi akaanza upya. Ikafika mahali mkono wake ulijua duara linakaa wapi hata kabla jicho halijasoma sentensi.

Alikuwa anajifunza kwa sababu ya mtoto mmoja, Khuê.

Khuê alikuwa mjukuu wake wa pekee. Baba yake, Quyết, alikwenda Kanada akiwa kijana, akaoa huko. Kazi yake ilikuwa kuendesha malori ya safari ndefu, na nyumbani alionekana kwa nadra. Mtoto akalelewa kwa lugha ya mama yake. Alipofika umri wa miaka sita akajua kuandika, akaanza kumwandikia bibi yake kadi, na kadi zile zilikuwa za Kiingereza.

Ile ya kwanza ilipokuja, Quyết alitia barua yake humo humo. "Mama, kama hutaweza kuisoma, nitakuandikia maana yake."

Bibi Thuần alimjibu siku ile ile. "Usiniandikie maana. Mimi si kipofu. Nitasoma maneno ya mjukuu wangu kwa macho yangu. Ngoja nimalize kitabu."

Maneno hayo aliyasema pia sokoni, tena kwa sauti. Aliposema sokoni, mambo yakawa yamekwisha. Angewezaje sasa kumwendea mtu na kumwambia nisomee? Wangemcheka. Basi alichukua kadi, akaitazama picha aliyochora mtoto. Ilikuwa nyumba ndefu sana, na mshale ulioelekea juu, na kitone cheupe kando ya mshale. Alidhani ni theluji. Akaiweka kwenye meza ya kumkumbukia marehemu mumewe, mbele ya picha yake, akawasha udi.

"Baba Quyết," alimwambia mumewe, "mjukuu wako ametuandikia. Nikimaliza kitabu nitakusomea."

Kadi ya pili ikaja, ikawekwa juu ya ya kwanza. Ikaja ya tatu, na nyingine, na nyingine. Bibi Thuần alizipangusa vumbi kila mwezi mpevu. Aliendelea na kitabu, na miaka ikaenda.

Kisha ikaja barua ya Quyết peke yake. Bibi Thuần aliipindua bahasha, akaichungulia ndani, akaitikisa. Hapakuwa na kadi.

"Mama, usikasirike," Quyết aliandika. "Khuê hataki kuandika tena. Nilimwambia bibi anasoma, atajibu akimaliza. Akaniuliza, kwani bibi anasoma shule gani isiyo na mwisho? Sasa ana miaka kumi na moja. Anasema labda bibi hampendi."

Bibi Thuần alikaa chini kwenye sakafu ya jikoni, na maji ya mvuke yakakauka, mikate ikaungua. Hakuwa amewahi kuunguza mikate maisha yake yote.

Alipoweza kusimama alizichukua kadi zote, akaenda mlango wa pili kwa Mwalimu Vịnh. Huyu alikuwa amestaafu karibuni, akarudi kuishi katika nyumba ya wazazi wake. Kwa miaka mingi alifundisha Kirusi. Kirusi kilipokosa wanafunzi, wakubwa wa elimu walimrudisha darasani akiwa mtu mzima ajifunze Kiingereza, kisha akakifundishe. Bibi Thuần alimkuta uani akinyoa ndevu kwenye kioo kilichoning'inia.

"Mwalimu, nisomee hizi," alisema. "Zote. Cheka ukitaka, lakini nisomee."

Mwalimu Vịnh alijifuta povu. Alisoma barua ya Quyết kwanza, maana Bibi Thuần alimsukumia hiyo. Hakucheka.

"Dada Thuần, umejifunza kwa muda gani?"

"Tangu mtoto alipoanza kuandika."

"Na katika muda wote huo hukujaribu kusoma hata kadi moja?"

"Nilijaribu ile ya kwanza. Neno la tatu nilikuwa silijui, nikasimama. Nikasema bado sijaiva, narudi kitabuni."

"Mimi pia nilifanya hivyo," alisema Mwalimu Vịnh. "Niliporudishwa darasani nilikariri majedwali ya vitenzi mpaka nikaota majedwali. Siku moja dukani nikashika kopo la maziwa ya unga, nikashindwa kujua yanachanganywa vipi. Mwalimu mzima wa Kiingereza. Tangu siku ile nikaanza kusoma makopo. Makopo, karatasi za dawa, maandishi kwenye magunia. Ndiyo yaliyonifundisha."

"Sasa soma hizi."

"Nikikusomea, utasikia sauti yangu na kikohozi changu. Mtoto alikuandikia wewe. Kaa hapa, soma, mimi niko kando yako."

Bibi Thuần alitaka kukasirika, lakini hasira hakuwa nayo. Alikaa.

"Soma ya kwanza toka juu hadi chini," alisema mwalimu. "Usisimame. Neno usilolijua liruke, kama unavyoruka dimbwi njiani. Huwezi kukaa kando ya dimbwi mpaka likauke."

Alisoma. Alipofika mwisho alisema, "Nimeelewa maneno machache tu."

"Sawa. Nani anasema?"

"Khuê."

"Anasema na nani?"

"Na mimi."

"Maneno gani uliyajua?"

"Baba. Nyumba. Juu. Ninangoja."

"Angalia, umeshapata kitu. Sasa soma mara ya pili. Yale uliyoruka, tazama majirani zake, uliza majirani. Neno hili limekaa karibu na 'kinywa changu' na 'limetoka'. Kitu gani hutoka kinywani kwa mtoto wa miaka sita?"

Mkono wa Bibi Thuần ukaenda wenyewe kwenye taya.

"Jino," alisema.

Baada ya neno hilo mengine yalianza kufunguka. Maduara yale ya kitabuni hayakupotea bure. Aliona hapa mtoto anasema jambo lililokwisha kutokea, pale anasema jambo litakalokuja. Sarufi aliyokuwa nayo ilikuwa imekaa tu kama sufuria isiyowahi kupikiwa. Polepole, kidole kikiwa kwenye karatasi, alisoma kadi yote.

"Bibi, jino langu limetoka katika kinywa changu. Ni la chini. Baba anasema kwenu jino la chini hurushwa juu ya paa. Nyumba yetu haina paa. Tunakaa ghorofani na juu yetu kuna watu wengine. Nifanye nini? Nalitunza mpaka utakaponiambia. Ninangoja."

Akaitazama tena picha. Nyumba ndefu, mshale, kitone cheupe. Haikuwa theluji.

"Alikuwa ananiuliza," alisema Bibi Thuần. "Mwalimu, mtoto alikuwa ananiuliza swali."

Kadi ya pili ilikuwa fupi. "Bibi, bado ninalo. Liko ndani ya kiberiti." Ya tatu iliuliza kama bibi ana mbwa na anaitwa nani. Alikuwa naye wakati ule, mweusi, akiitwa Mực. Alikufa mwaka uliofuata. Kadi nyingine ilisema, "Mimi ni Khuê, labda umenisahau." Kadiri alivyoendelea zilizidi kuwa fupi na mwandiko ukazidi kuwa mzuri. Ya mwisho ilikuwa na jina tu.

Bibi Thuần alilia mbele ya mwalimu, hakuficha uso. Alilia kwa yale maneno ya majigambo aliyoyasema sokoni. Laiti angekubali kuchekwa siku moja tu. Angechekwa siku moja, na mtoto angejibiwa.

"Unaweza kumjibu leo," alisema Mwalimu Vịnh.

"Nitakosea."

"Utakosea. Andika hivyo hivyo. Tumia maneno yake mwenyewe, yako hapo kwenye kadi. Amekupa 'jino', amekupa 'paa', amekupa 'ninangoja'. Neno ulilolikuta ndani ya sentensi ya mtu na ukalitumia katika yako, hilo halitoki tena kichwani. Yale ya ukutani kwako yananing'inia tu."

Aliandika, akafuta, akaandika tena. Barua yenyewe ilikuwa hivi:

"Khuê. Mimi bibi yako. Leo nasoma kadi zako. Nimechelewa sana. Samahani. Mbwa anaitwa Mực. Mbwa amekufa. Mimi nina paa. Jino lako liko wapi?"

Mwalimu aliisoma, akaona makosa, kalamu ikamwasha mkononi. Akairudisha mfukoni. "Ipeleke posta," alisema. "Ataelewa."

Kuanzia hapo Bibi Thuần hakuwa na raha. Kitabu cha sarufi hakukitupa, ila alikifungua tu alipokuwa na swali. Alisoma kile alichokipata: karatasi ya dawa ya macho, maandishi ya gunia la sukari. Kila siku aliandika sentensi kuhusu nyumba yake. "Leo mvua. Majani ya mgomba hayakauki." Jioni mwalimu alimwonyesha kosa moja tu, lile lililozuia maana. Mengine aliyaacha yangoje.

Muuza tofu wa sokoni, Lụa, alimuuliza, "Dada, umemaliza kitabu?"

"Sikumaliza," alisema Bibi Thuần. "Sikuwa hata nimekianza."

Lụa alisubiri mzaha ufuate, lakini haukuja.

Jibu lilifika majani makavu yalipoanza kupungua sokoni. Bibi Thuần aliisoma barua juu ya kigoda chake, mara ya kwanza bila kusimama, mara ya pili polepole.

"Bibi, nilifurahi. Kisha nilikasirika kidogo. Kisha nikafurahi tena. Pole kwa Mực. Lile jino sijui liko wapi. Tulihama nyumba, na nilikuwa nimechoka kungoja, sikuangalia kiberiti kiko wapi. Lakini nina jino moja la mwisho la utotoni. Ni la chini, nyuma kabisa. Linacheza. Likitoka nitakuletea kwa posta. Uniambie limelia vipi juu ya paa."

Neno moja tu hakulijua. Aliuliza majirani zake, akalipata mwenyewe. Lilikuwa "nimechoka".

Alijibu siku ile ile, na barua zikaanza kwenda na kurudi.

Kisha bahasha moja ikaja na uvimbe katikati. Ndani palikuwa na pamba, na ndani ya pamba jino. Bibi Thuần aliliweka kiganjani, akashtuka. Kwa miaka hii yote, alipowaza mjukuu wake, aliwaza mtoto mwenye meno madogo kama punje za mchele. Hili lilikuwa gego. Lilikuwa pana, limelika kwa juu, jino lililokwisha kutafuna chakula kingi ambacho yeye hakukipika. Alilishika muda mrefu.

Alilipeleka kwanza mbele ya picha ya mumewe. "Nilikuahidi kukusomea," alisema. Akazisoma kadi zote kwa sauti, tangu ile ya nyumba ndefu mpaka ile yenye jina peke yake. Kiingereza chake kilikwaruza. Ile ya kiberiti aliisoma mara mbili.

Ndipo akatoka uani. Mwalimu Vịnh alisimama upande wa pili wa ukuta wa ua, akitazama. Paa la jikoni lilikuwa la bati. Bibi Thuần alirusha, jino likagonga ukingo, likaanguka kwenye ndoo ya choroko iliyokuwa chini. Alipiga magoti, akapekua choroko mpaka akalipata. Akarusha tena kwa nguvu zake zote. Lilipiga bati, likabiringika kidogo, likatulia.

Alingoja. Halikurudi.

Aliingia ndani, akafuta mikono, akachukua kalamu. Sentensi ya kwanza haikumsumbua hata kidogo.

"Khuê, limelia ti, ti, kisha kimya. Lile la kwanza, la kiberiti, nalitafuta kila siku ndani ya kadi zako."