Kitambaa Nyuma ya Kompyuta

Kila alasiri Chiriku alirudi kutoka shule, akala, akaosha vyombo, kisha akakaa mbele ya kompyuta ya nyumbani kufanya hesabu. Hivyo ndivyo alivyoamini mama yake, aliyekuwa akishona nguo chumba cha pili.

Kwa kweli hesabu zilidumu dakika kumi tu, kisha ukaja mchezo wa mbio za magari. Kasoro ilikuwa feni ya kompyuta. Mchezo ukianza, ilinguruma mpaka mama akauliza, "Hesabu gani hizo zenye kelele?" Akili Chiriku alikuwa nazo, ila alizipeleka kusikofaa. Aliokota kitambaa kizito kwenye mabaki ya ushonaji wa mama, akakisokomeza kwenye matundu ya nyuma ya boksi la kompyuta. Kelele zikafifia.

Siku ya tatu kompyuta ikaanza kujizima. Aliyeumia ni dada yake mkubwa, aliyekuwa akiandika ripoti ya chuo. Ilitakiwa Alhamisi, na asipoikabidhi angerudia mwaka mzima. Kurasa tano zilipotea, dada akalia kwa sauti.

Jumanne alikuja fundi. Chiriku aliwahi kuchomoa kitambaa, kwa hiyo kompyuta ilifanya kazi bila tatizo, fundi akaenda zake. Mchezo ukaendelea, kitambaa kikarudi, na jioni kompyuta ikajizima tena.

Jumatano alasiri fundi alirudi. Alikuna kichwa. "Nadhani imekufa kwa ndani. Naondoka nayo, mnipe wiki moja."

"Wiki?" dada aliuliza. "Fundi, kesho ndiyo siku yenyewe!"

 Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwishowe akakitoa mfukoni kitambaa, alichokuwa amekichomoa tena kabla fundi hajafika.

"Mjomba, usiichukue. Haijafa. Mimi ndiye niliyeziba nyuma, nisisikike nikicheza."

Fundi alilifungua boksi. Feni ilikuwa imejaa vumbi na nyuzi. Alisafisha kwa brashi, kisha akaweka dawa mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa.

"Huu ndio ubongo wake," alisema. "Ukifanya kazi unapata joto, na feni hulitoa nje. Mkiziba matundu, kompyuta inajizima isiungue. Isogezeni mbali na ukuta, na mfute vumbi kila mwezi."

Dada alikaa kuandika upya bila kumtazama mdogo wake.

"Dada, nikusomee maelezo kwenye daftari lako la chuo, wewe uandike?" Chiriku aliuliza kwa aibu.

Dada akamsukumia daftari. Walimaliza kabla ya jua kuzama, na Alhamisi asubuhi ripoti ikakabidhiwa.

Siku hiyo mama alimwita Chiriku kwenye cherehani.

"Kucheza ningekugombeza, yakaisha," alisema. "Lakini ulimwona dada yako akilia, ukijua sababu, ukakaa kimya siku mbili. Mwanangu, kosa lisemwe lingali dogo, kabla halijamuumiza mwingine."