Daftari la Mvua na Samaki wa Bibi

Kila siku ya shule, saa tatu kamili asubuhi, msichana mmoja wa darasa la sita aliomba ruhusa akatoka mbio kwenda nyuma ya madarasa kusoma kipimamvua. Aliinama, akahesabu milimita, akaandika kwenye daftari la klabu ya hali ya hewa. Wenzake walimbandika jina la Bi Mvua, na kila mawingu yalipotanda walimtania, "Bi Mvua, tuanue nguo au tuache?"

Kazi hiyo aliipenda sana. Lakini wiki moja mashindano ya kuruka kamba yalimteka akili, hata siku tano nzima hakukanyaga kwenye kipimamvua. Ijumaa mchana alichukua kalamu, akajaza siku zote tano kwa mkupuo mmoja: mbili, sifuri, nne, moja, sifuri. Mwalimu akatia sahihi bila kuuliza neno.

Jumamosi alifuatana na Bibi yake hadi kituo cha hali ya hewa. Bibi alikuwa mtoto mchanga wakati wa vita, baba yake alipofanya kazi kwenye ndege ya kuchunguza hali ya hewa. Ndege ile haikupigana. Iliruka mapema kutazama mawingu na upepo, ili ndege nyingine zijue kama njia ni salama. Asubuhi moja haikurudi, na ripoti ikasema imezama baharini. Kwa sababu hiyo Bibi hakuwahi kuonja samaki maisha yake yote.

"Nitamlaje samaki," alikuwa akisema, "na huenda babu zake ndio waliomla baba yangu?"

Watu walicheka, naye akacheka nao, lakini sahani aliisukuma kando. Alitaka jambo moja tu kabla hajafumba macho: kujua kwa hakika baba yake alilala wapi.

Mtunza kumbukumbu wa kituo alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukusumbua."

"Nisumbue tu. Vumbi la humu ndani limechoka kukaa peke yake."

Bibi alipomweleza habari za baba yake, alifungua daftari kuukuu la wakati wa vita. "Hili ndilo lililowapeleka watafutaji baharini," alieleza. "Njia ya ndege ilipita karibu na mlima. Lakini mpimaji wa bondeni aliandika, 'Anga safi, mlima unaonekana.' Nani atagonga mlima anaouona? Basi huko hakwenda mtu kutafuta."

Bi Mvua alisogea kutazama. Kurasa za mwanzo zilikuwa na wino hapa, penseli pale, na doa la tone la mvua. Lakini wiki ile ya ndege, siku zote saba zilikuwa na wino mmoja, herufi zimelala upande mmoja, maneno ni yale yale.

"Hizi siku saba zimeandikwa kwa mara moja," alisema.

"Umejuaje, binti?"

Angeweza kunyamaza. Bibi alikuwa akimtazama, Bibi yule yule aliyewatambia majirani kwamba mjukuu wake hakosei hata tone. Machozi yakamlengalenga.

"Kwa sababu hata mimi nilifanya hivyo wiki hii. Sikupima. Nilijaza tu. Daftari langu liko hivi hivi."

Mtunza kumbukumbu alishusha ile miwani ya kichwani, akaivaa juu ya nyingine, akainamia ukurasa. "Ee! Miaka yote hii naupita tu!" Akapanda ngazi, akateremka na kijitabu chembamba cha shule iliyokuwa upande wa pili wa mlima, ambako mwalimu mmoja alikuwa akipima mvua. Siku ile mwalimu aliandika kwa penseli: "Ukungu mzito. Mlima sijauona. Nimesikia ndege ikipita chini sana, ikielekea mlimani."

Bibi akashika meza kwa mikono miwili.

Walinzi wa msitu waliombwa kuupanda mlima. Baada ya wiki tatu walileta habari kituoni: wamekuta mabaki ya ndege kichakani, na kipande chenye namba. Namba hiyo ilikuwa ile ile iliyoandikwa kwenye barua ya taarifa ya kupotea kwa ndege, aliyoitunza Bibi sandukuni. Bibi alilia, kisha akapiga vigelegele mpaka mtunza kumbukumbu akaangusha miwani zote mbili.

Bi Mvua naye alikuwa amekwisha kwenda kwa mwalimu kusema kosa lake. Alizikata zile namba tano, na kando ya kila moja akaandika, "Haikupimwa." Alipewa adhabu ya kufyeka nyasi kuzunguka kipimamvua mwezi mzima, akaifanya huku akiimba.

Siku walipotoka mlimani kuweka maua, Bibi alimketisha karibu yake.

"Mjukuu wangu, yule wa bondeni aliona uvivu kutoka nje, akajaza maneno mawili matatu. Nami nikamlilia baba yangu mahali asipokuwapo, miaka themanini. Wewe ulisema kweli na aibu imekujaa usoni, nikampata. Usipopima, andika hukupima. Nafasi tupu haimpotezi mtu njia."

"Nimesikia, Bibi."

"Haya. Sasa kamwambie mama yako leo nataka samaki, mzima, na kichwa chake. Nimewasingizia vya kutosha."

Akaletewa, akamla taratibu, akatoa miba mmoja mmoja, kisha akaomba wa pili.