Pumzi ya Pili Chumba cha Nne

Asubuhi ile chati ya chumba cha nne ilitoka na mistari miwili ya pumzi. Kitanda kilikuwa kimoja, na mlalaji mmoja: mdogo wake muuguzi, ndugu pekee ambaye Mungu alimbakizia baada ya kumzika mama yao.

Muuguzi mwenyewe ndiye aliyemleta kwenye utafiti wa usingizi. Watafiti walitaka kujua kama mawimbi ya intaneti yanavuruga usingizi. Usiku mmoja kisanduku cha mtandao kinawashwa, mwingine kinazimwa, na mlalaji haambiwi.

"Jana kilizimwa," fundi wa mitambo alisema. "Labda mdogo wako anapumua na za kesho."

Muuguzi akamwonyesha simu. Jina la mtandao lilikuwa bado linaonekana, ingawa kisanduku kilikuwa kimezimwa: KARIBU.

"Nililiweka mimi," fundi alisema. "Wageni wajisikie nyumbani."

"Wageni gani, baba? Unasema karibu hujui nani kabisha hodi?"

Mdogo mtu akatoka anapiga miayo. "Dada, ungesema unakuja kulala kwangu. Nimebanwa ukutani usiku kucha. Na miguu yako baridi kama bomba."

Muuguzi alikuwa amekesha mapokezi. Hakuingia chumba kile hata mara moja.

"Vaa viatu, twende nyumbani," alisema.

Binti akakaa kitini avae, akasinzia kiatu kikiwa mkononi. Wakamwita, wakamtikisa, wakamnyunyizia maji. Hakuamka. Wakamrudisha kitandani, na mashine ikachora mistari miwili, wa chini ukizidi kunenepa, wa juu ukififia.

"Tukichome moto kisanduku," fundi alinong'ona. Mzaha ulikuwa umemwisha.

"Mgeni uliyemwita hafukuzwi, anaagwa. Umemkaribisha kwa maandishi, muage kwa maandishi," muuguzi akamjibu.

Fundi akakiwasha, akabadili jina: KWAHERI. Muuguzi akashika mkono wa mdogo wake, akaanza kusoma aya alizofundishwa na mama, polepole, neno kwa neno, huku harufu ya udongo mbichi wa kaburi ikipanda kutoka chini ya shuka, na godoro, ambalo upande wa nje halikuwa na mtu, likibonyea zaidi, kisha likainuka taratibu kama mtu mzito anapoondoka, na nyayo zisizo na mwenyewe zikapita kati yake na fundi, zikaelekea mlangoni.

Mstari ukabaki mmoja.

"Dada," binti alisema, "nina kiu."

Muuguzi alilia kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Jioni walikuwa nyumbani, mtaa usio na intaneti hata nyumba moja. Alimfunika mdogo wake, akakaa kando yake kumsikiliza akipumua. Pumzi moja, tulivu. Akamshukuru Mungu, akachukua simu aangalie saa.

Palikuwa na mtandao mmoja, wenye nguvu kamili, jina lake likijibu kwa adabu kama mgeni aliyekwisha kukaa:

NIMESHAKARIBIA.