Nilifunika Jina Ambalo Hakuna Aliyelijua

Nina miaka kumi na saba. Nasoma sekondari hapa Kamembe, na darasani mimi ni yule msichana ambaye mwalimu akiuliza swali, natazama viatu vyangu. Haya nimeyaandika mara tatu kwenye daftari langu, na mara tatu nimeyachana... Msomaji, nisikilize mpaka mwisho, kisha unihukumu.

Vita viliporudi ng'ambo, Kongo, Maman Ansima alivuka daraja la Rusizi II na binti yake Ansima na sufuria moja. Mume wake alikuwa ameuawa. Ndugu wa marehemu, mwenye kubeba bunduki msituni, alisema mjane ni wake kwa desturi, apende asipende. Maman Ansima akamkimbia.

Maman wangu anauza vitambaa sokoni, na walijuana tangu zamani. Ansima akabaki kwetu, tukalala kitanda kimoja. Mama yake akapata kazi Bugarama, kupepeta mchele mashineni, na kila Jumamosi alituletea mfuko wa chenga za mchele.

Basi wamama wa kanisa wakataka orodha ya waliovuka, ili ndugu waliobaki Bukavu wajue nani yuko hai, na wapi. Kazi ikaniangukia mimi kwa sababu najua ordinateri, yaani kompyuta. Nikatengeneza jedwali: jina la kitambulisho, nambari, jina analoitwa, mahali pa kazi.

Maman Ansima alikuwa anachagua mawe kwenye mchele aliponiambia: "Mutoto yangu, mimi usiniandike. Ule muntu ananitafuta."

Na mimi, nisiyejua kuongea, siku hiyo nikaongea... Nikamweleza tulivyofundishwa: ndani ya jedwali ukificha safu, mwingine anabonyeza mara mbili tu, inarudi. Lakini ukiligeuza jedwali kuwa picha, kilichofunikwa kimefunikwa. Hakuna wa kukifunua, hakuna wa kubadilisha herufi. Nikasema nitapaka weusi juu ya jina lake na nambari yake.

Akacheka. "Batoto ya masomo muko na akili mingi. Haya, andika. Labda mama yangu ataona, asikufe na mawazo."

Nikapaka weusi, Ansima akiwa ameegemea bega langu. Nikatuma kwa mama mmoja wa kanisa kule Bukavu. Yeye akawatumia wengine, na wale wengine. Picha haimuulizi anayeitazama yeye ni nani.

Je, umeshaona kosa langu? Mimi sikuliona...

Wiki ile Maman wangu alirudi kutoka sokoni akisimulia habari za mteja wake. Mwanaume aliyevaa vizuri alichukua kitambaa bila kubishana bei, akauliza gari za kwenda Bugarama zinasimama wapi. "Muntu wa Bukavu asiyebishana bei?" Maman alisema. "Ule hakukuja juu ya kitambaa." Tukacheka, hata Ansima.

Jumamosi chenga hazikufika. Ansima alikaa kizingitini tangu saa sita, akitazama njia.

Jumapili akaja mama mmoja anayepepeta mchele na Maman Ansima, macho yamevimba. Alisema mwanaume alifika mashineni mchana, picha iko kwenye simu yake, akauliza kwa upole: "Maman Ansima njo nani hapa?" Wao walifurahi. Alisema ni shemeji yake, wakaona orodha imefanya kazi. Wakamwita wenyewe: "Maman Ansima, kuja, shemeji yako amefika."

Aliweka ungo chini polepole. Yule mama alisikia neno moja tu la mwanaume: "Ukikataa, nitaenda kuona mutoto." Akatoka naye... hajarudi hadi leo.

Tuliporipoti polisi, wakaandika jina la kitambulisho. Wakauliza darajani kwa jina hilo. Hakuna aliyelijua. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimefunika jina ambalo hakuna mtu anayemwita kwalo, si Kamembe, si Bugarama, si Bukavu. Jina lake tangu alipozaa ni Maman Ansima. Hilo nililiacha wazi, na kando yake mashine anayofanyia kazi.

Ansima hajui. Juzi tukifua aliniambia: "Afazali wewe ulifunikaka jina yake. Sijue nani alimuuzisha." Nikaendelea kusuuza shati lilelile.

Wenzangu mnaoandika watu kwenye majedwali, picha inafunga herufi tu. Haifungi mdomo wa kijiji. Kabla ya kutuma, ulizeni bombani, watu wanapochota maji, mtu huyo anaitwaje, mfunike jina hilo. Na mtu akikuambia usimwandike, usimfundishe ujanja wako... usimwandike.

Kesho tukitoka shule nitampa Ansima daftari hili, alisome kabla yenu. Kitanda chetu ni kimoja. Sijui nani ataendelea kukilalia.