Gauni la Mikono Mirefu

Chumba cha Mama Kasuku kilikuwa kimoja, lakini kilifanya kazi ya vitatu. Kilikuwa jiko, mahali pa kulala, na karakana ya kushonea. Cherehani ilikaa dirishani. Pasi ya mkaa ilikaa sakafuni, karibu na godoro la watoto. Nguo za wateja zilining'inia kila mahali. Ukiingia bila kuinama, unapigwa shavu na suruali ya mtu usiyemjua.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Watoto wao walikuwa wawili. Mdogo alikuwa bado ananyonya. Mkubwa alikuwa binti wa darasa la kwanza. Huyo watu walimwita Kasuku, maana mdomo wake haukujua kupumzika.

Siku moja Kasuku alikuwa akirukaruka godoroni. Akateleza, akaangukia pasi. Mkono ukaungua. Mama akaumwagia maji baridi, akambeba mbio hadi zahanati. Kidonda kikapona, kovu likabaki.

Mwalimu akaliona kovu. Hakukaa kimya, na hakukosea. Akatoa taarifa.

"Hodi," alisema mwanamke mmoja mlangoni, mkoba begani. "Mimi ni afisa wa ustawi wa jamii. Nimekuja kuona watoto."

Moyo wa Mama Kasuku ulipiga kama cherehani. Akilini mwake lilikuja jambo moja tu: wanakuja kunichukulia wanangu. Akajibu maneno machache, akafunga mlango.

Tangu siku ile akaanza kujihami kwa kazi anayoijua. Akamshonea Kasuku gauni zuri la mikono mirefu, hadi kwenye vifundo vya mikono.

"Mama, joto!" Kasuku akalalamika.

"Vumilia. Akija yule mama, kaa kimya. Usiseme neno."

Afisa alipokuja tena, alimkuta Kasuku ameketi kama sanamu ya dukani. Jasho linamtiririka. Akiulizwa, anamtazama mama yake. Afisa akampandisha mkono wa gauni, akaliona kovu. Akaandika. Akaondoka bila kusema kitu.

Akarudi. Akarudi tena. Na kila aliporudi, mama alishona gauni jingine, mikono mirefu kuliko ya kwanza.

"Tuhame," mume alisema.

"Sihami! Nimeiba? Nimeua? Siwezi kukimbia kama mwizi wa kuku!"

Sauti hiyo ilivuka ukuta. Jirani yao alikuwa msusi, mwanamke wa kicheko kikubwa. Aliingia na kitana bado kimechomekwa nyweleni.

"Shoga, unapigana na nani?"

"Na huyo afisa! Anataka wanangu."

"Amekuambia hivyo?"

Mama Kasuku akatikisa kichwa.

"Umemuuliza anahofia nini?"

"Nimuulize afisa? Mimi?"

"Sasa nani, cherehani?" Msusi akaketi. "Sikiliza. Mimi walikuja kwangu miaka ile, mume wangu alipokuwa mlevi. Nilijificha chooni, shoga, mtu mzima mimi! Wakazidi kuja. Mtu akificha, mwenzake hudhani kuna kikubwa. Siku nilipotoka chooni nikauliza, ndipo mambo yalipokwisha. Una haki ya kujua kwa nini wanakuja. Una haki ya kuambiwa wanataka kibadilike kitu gani. Una haki ya kuwa na mtu wa kukaa nawe wakati mnazungumza."

"Na wakinichukulia watoto nikiuliza?"

"Kuuliza si kosa. Ila uulize kwa adabu, na jibu ulisikie hata likiuma. Na huyo mtoto mvue hilo blanketi. Anaiva!"

Mama Kasuku akamtazama binti yake. Shingo ilikuwa imejaa vipele vya joto. Akachukua mkasi wake mkubwa. *Kacha!* Mkono mmoja wa gauni ukaanguka. *Kacha!* Na wa pili.

"Basi," alisema. "Mwanangu hatafichwa tena nyumbani kwake."

Afisa alipobisha hodi tena, mlango ulikuwa wazi kabisa. Msusi alikuwa ameketi ndani, na baba pia. Mama Kasuku alisimama wima.

"Karibu, dada. Kiti hicho. Kovu ndilo hilo, litazame. Leo na mimi nina maswali. Unahofia nini hasa kwetu? Na unataka kuona nini ili mguu wako ukome hapa?"

Afisa aliketi. Kisha akaweka mkoba chini.

"Swali zuri, mama. Ningepaswa kukueleza tangu siku ya kwanza. Mtoto kuungua hutokea. Kilichonirudisha ni viwili. Mtoto aliogopa kusema, nikawaza anapigwa. Na pasi ile..." Akanyoosha kidole. "Bado iko pale pale, karibu na godoro."

Wote wakageuka. Pasi ilikuwa imekaa kimya sakafuni, na kaa jekundu tumboni.

Mama Kasuku aliumia. Muda wote alikuwa ameficha kovu, na kilicholeta kovu akakiacha.

"Hilo ni kweli," alisema. "Tutalirekebisha. Lakini kupigwa, hapana. Muulize mwenyewe. Kasuku, sema lolote unalotaka."

"Lolote?"

"Lolote."

Mungu wangu! Kasuku alianza na kuanguka kwake, akaenda kwa mwalimu, akamaliza na mkoromo wa baba. Afisa alicheka hadi akafuta macho.

"Mganga hajigangi," baba alisema kwa aibu. "Nachomelea madirisha ya watu, kwangu hakuna hata rafu." Wiki ile akatengeneza kizimba cha chuma, akakifunga ukutani juu, kikiwa na komeo ambalo mtoto halifikii. Pasi ikahamia humo. Godoro likasogezwa upande wa pili.

Afisa alikuja mara moja tena, akakitikisa kizimba, kikagoma kutikisika.

"Nimeridhika," alisema. "Nafunga shauri hili. Nitawapa barua."

"Ukija tena, njoo kushona," Mama Kasuku akamjibu. "Mlango wangu haufungwi tena."

Na ile mikono ya gauni haikutupwa. Mama Kasuku aliikunja, akaishona tabaka juu ya tabaka. Ikawa kishikio cha pasi.